Kiti Changu Mbele ya Mtambo wa Taa

Kwanza kabisa, niondoleeni huruma. Iacheni mlangoni pamoja na viatu, halafu ingieni tuzungumze.

Wiki iliyopita walinitembelea wasichana wanne wa shule moja ya hapa mjini, wote hawaoni kama mimi. Walinifuata hadi nyumbani kwangu Milanzi, wakaniamkia vizuri, wakakaa mkekani. Kila mmoja alikuwa na simu inayoongea. Unagusa kioo, simu inakusomea ujumbe, inakutajia saa, inakuambia nani anapiga. Nikaomba nifundishwe na mimi, tukacheka sana, kwa sababu simu ilikuwa inatamka "Sumbawanga" kama Mzungu aliyejaza ugali mdomoni. Halafu mmoja wao, Veronika, akaniuliza kwa upole kabisa: "Bibi, zamani ninyi ambao hamkuwa na simu za namna hii mlikuwa mnakaa tu?"

Kukaa tu! Nilikuwa opereta wa simu kwa miaka mingi kuliko umri wake. Siku ile nilimjibu kwa ufupi maana chai ilikuwa inapoa. Sasa namjibu kwa urefu, na yeyote aliyewahi kuambiwa kazi fulani haimfai, awe anatembea kwa magongo, awe hasikii, awe kipofu kama mimi, naye asikilize.

Naitwa Skolastika. Nilizaliwa Kate, kule Nkasi, na surua ilinichukua macho nikiwa bado mdogo, nimeanza tu kutumwa kuchota maji. Nilisoma shule ya wasioona mbali na nyumbani, nikajua nukta nundu, kisha nikapelekwa chuo nikafundishwa kazi ya simu. Niliporudi Ufipa na cheti changu, nilipangiwa kazi kwenye shirika moja la mazao lililokuwa na ofisi kubwa hapa mjini. Jina lake sitalitaja. Limeshakufa, liache lipumzike.

Mtambo wa kwanza niliokabidhiwa ulikuwa sanduku refu la mbao lililonifika kifuani nikikaa. Mbele yake kulikuwa na safu za vifuniko vidogo vya chuma, kila laini na kifuniko chake. Simu ikiingia, kifuniko kinaanguka: ta! Tuliviita vikope. Chini ya vikope kuna matundu, na mezani kuna waya zenye ncha za shaba. Unapapasa kikope kilichoanguka, unachomeka waya, unataja ofisi, unauliza anatakiwa nani, unachomeka waya wa pili kwa anayetakiwa na unapiga kengele yake. Wakimaliza, unachomoa. Mwenye macho alifuata hatua hizohizo. Tofauti yetu ni kwamba umeme ukikatika mimi sikuuliza mshumaa uko wapi.

Aliyenikabidhi mtambo ni Mama Tekla, opereta mwenye macho aliyekuwa anakaribia kustaafu. Siku ya kwanza alishusha pumzi akasema, "Mwanangu, mimi sijui kumfundisha kipofu."

"Na mimi sijawahi kufundishwa na mtu asiyejua," nikamwambia. "Tutajifunza wote."

Akanipiga kofi la begani. Tangu siku hiyo tukawa mtu na mama yake. Ni yeye aliyenionyesha kufunga uzi kwenye waya, fundo moja kwa uhasibu, mawili kwa maghala, matatu kwa meneja. Ni yeye pia aliyenikusanyia kalenda za mwaka uliopita kutoka kila ofisi, kwa sababu karatasi ya kalenda ni ngumu na nukta zake hazifutiki upesi. Nyuma ya picha za wanyama na maua niliandika namba zote za simu za mkoa, jani kwa jani, nikazitoboa mwenyewe kwa kibao cha nukta nundu na msumari wake. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa sizifungui tena kalenda zile. Namba zilikuwa zimehamia kichwani.

Mama Tekla alinifundisha na jambo jingine ambalo chuoni hawakulisema. "Kabla hujaitikia, sikiliza pumzi. Mwenye shida huvuta pumzi kabla ya kusema haloo. Huyo usimwambie subiri." Jaribuni wenyewe. Bado linafanya kazi.

Msidhani nilikuwa hodari tangu mwanzo. Kiburi cha kujua sauti kilinichoma vibaya. Mke wa meneja wetu wa wakati huo alikuwa anaitwa Mama Jeni, na kicheko chake kilikuwa chembamba, cha kukatikakatika. Siku moja saa tisa akapiga mama mmoja mwenye kicheko hichohicho, anamtaka meneja. Mimi na ujuaji wangu: "Shikamoo, Mama Jeni!" Yule mama akajibu tu, "Marahaba." Nikaunganisha. Kesho yake asubuhi Mama Jeni akapiga. Nikamchangamkia: "Leo umewahi, mama! Jana ulipiga saa tisa."

"Jana?" akasema. "Jana mimi nilikuwa Namanyere msibani."

Mtajaza wenyewe yaliyofuata. Meneja hakunisemesha wiki nzima, na Mama Tekla alicheka mpaka akakohoa. "Sauti uijue," aliniambia akijifuta machozi, "jina ulimeze."

Kulikuwa na wengine waliopiga kutoka Dar es Salaam, wakisikia Sumbawanga wanaanza utani wao wa uchawi. "Dada, mzigo wenu umechelewa, msije mkanipiga radi!" Mwanzoni nilikuwa nachekacheka nao. Baadaye nikachoka. Nikawa najibu, "Radi hatupigi siku za kazi, bwana. Subiri kwenye laini." Nina hakika wapo walioangalia juu.

Halafu zikaja zama za ruksa, biashara ikaachiwa kila mtu. Ninyi hamkuzijua. Ghafla soko likajaa mitumba na redio za kaseti, na malori ya watu binafsi yakawa yanapanda mpaka vijijini kununua mahindi mlangoni kwa mkulima. Shirika letu, lililozoea kununua peke yake, likaanza kukonda. Kila mkubwa aliyetoka Dar alikuja na neno "ufanisi" kwenye mkoba, na kila neno hilo liliposemwa, mtu wa masjala au wa maghala alipotea. Kwa lugha ya ofisi aliitwa "aliyepunguzwa", utadhani chumvi kwenye mchuzi.

Meneja mpya aliitwa Bwana Kisanga. Nilimjua kwa kiatu chake cha kulia, kisigino chake kililia kila alipokanyaga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja kazini mapema, alisalimia wafagizi. Lakini alikuwa mmoja wa wale wanaokuonea huruma mpaka wanakumaliza.

Asubuhi moja nikakuta sanduku langu la mbao limeondolewa. Mahali pake paliwekwa mtambo mpya. Niliupitishia mkono. Ulikuwa laini juu hadi chini kama sahani iliyooshwa: vitufe vidogo, na juu ya kila kitufe uvimbe wa plastiki usiozidi punje ya mtama. Hakuna kikope hata kimoja. Kisigino kikalia nyuma yangu.

"Pole, Bi Skola," akasema Bwana Kisanga.

"Pole ya nini? Nani amefariki?"

"Mtambo huu ni wa taa. Simu ikiita, taa ya laini hiyo inawaka. Sasa wewe, taa..."

"Malizia, bwana."

Hakumalizia. Akasema, "Tumekufikiria. Utakaa pale getini, uwakaribishe wageni, mpaka hapo orodha ya kupunguza itakapotoka."

"Na ikitoka?"

Kisigino kikalia, akabadilisha mguu. "Tutaona."

"Getini kuna mlinzi," nikamwambia, "na yeye anaona. Mimi ni opereta. Chumba cha opereta ni hiki."

Siku iliyofuata alikuja mwajiriwa mpya, msichana wa Mbeya anaitwa Neema. Alikuwa na sauti nzuri na vidole vyenye wasiwasi, nilivisikia vikigongagonga meza. Nami nikaja saa moja na nusu kama kawaida yangu, nikavuta kiti cha ukutani, nikakaa ubavuni kwake. Nikafanya hivyo kesho yake, na keshokutwa. Meneja akatuma karani kunikumbusha geti. Nikamwambia karani anisalimie geti. Akaja mwenyewe, akasema nitajichosha bure. Nikamjibu kwamba kuchoka ni sehemu ya kazi na sijawahi kulalamika. Wiki tatu nilikaa pale bila kazi, mikono mapajani, nikisikiliza mtu mwingine akifanya kazi yangu. Nisiwadanganye, iliniuma. Nilipofika nyumbani nilikuwa navunja vikombe wakati wa kuosha, na si kwa sababu sikuviona.

Neema naye alikuwa taabuni. Taa aliziona, lakini namba hakuzijua, na kitabu cha simu cha ofisi kilikuwa cha miaka ya nyuma. Simu ikiingia, mtu anataka ghala la Laela, yeye anafungua kurasa. Siku ya pili nilishindwa kuvumilia, nikamnong'oneza namba. Akapiga, ikaitika. Tangu hapo akawa ananigusa goti nami namtajia.

Siku moja akasema, "Dada Skola, kila nikikuuliza namba najiona mwizi."

"Mwizi haulizi," nikamwambia. "Endelea."

"Nikitoka hapa sina pa kwenda. Nina mama mgonjwa Mbeya."

"Na mimi sina pa kwenda. Tuko sawa."

Kiti kilikuwa kimoja, tulikuwa wawili, na wote tulilijua hilo.

Nyuma ya soko kulikuwa na fundi redio, Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu asiyependa maneno mengi. Nilimpelekea redio yangu iliyokuwa imekauka sauti. Alipokuwa anachoma risasi kuunganisha nyaya nikakaa kwenye kreti ya soda nikiwaza mtambo, na swali likanitoka: "Fundi, mwanga unaweza kupiga kelele?"

Nikasikia pasi yake ya risasi ikiwekwa chini. "Una maana gani?"

Nikamweleza taa zinazowaka kimya. "Kwa Apolinari mpiga picha kuna kamera imekufa," akasema. "Ndani ya kamera huwa kuna kijicho cha kupimia mwanga. Mwanga ukikipiga, umeme unapita zaidi. Nikikiunganisha na transista mbili na spika ya sikioni, kinaweza kulia."

Kijicho! Jina baya kwa kitu kizuri. Apolinari alitoa kamera yake bila kusita, ilikuwa imeshaanguka mtoni Lwiche kwenye harusi ya watu. Ambakisye alikesha nayo siku kadhaa. Akakiweka kijicho kwenye ncha ya bomba la kalamu, akafunga vitu vingine ndani ya tochi ya betri mbili, na waya ukapanda hadi sikioni mwangu. Akawasha kiberiti mbele ya kalamu.

Wiiiii!

Wajukuu zangu, hilo lilikuwa jambo geni kabisa kwangu. Tangu utotoni mwanga kwangu ulikuwa joto la jua usoni na habari za watu wengine. Siku ile niliusikia. Nikaelekeza kalamu mlangoni, ikalia. Nikaiweka chini ya khanga, ikanyamaza. Nikacheza nayo mpaka Ambakisye akasema betri zitakwisha.

Kosa langu lilikuwa haraka. Kesho yake niliingia nayo ofisini na kifua mbele, nikamwita Bwana Kisanga mwenyewe aje ashuhudie. Akaja, wakaja na wahasibu. Nikaweka kalamu kwenye mtambo, wiiii. Nikasogeza, wiiii. Nikaipeleka pembeni kwenye bati tupu, wiiii. Chumba kile kilikuwa na dirisha kubwa la mashariki, na jua la asubuhi lilijaa kwenye mtambo wote. Kalamu ilikuwa inapigia kelele jua. Mhasibu mmoja akacheka. Bwana Kisanga akasema, "Umejitahidi sana, Bi Skola," kwa ile sauti anayosemeshwa mtoto aliyechora ng'ombe mwenye miguu mitano. Ningependa anitukane.

Nilirudi kwa fundi nikiwa na hasira za kutosha kuwasha ile tochi bila betri. Ambakisye hakunipa pole, na ndiyo sababu nampenda mpaka leo. Aliuliza tu, "Zile taa zina ukubwa gani?" Nikamwambia punje ya mtama. Akakata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakizungushia ncha ya kalamu kama mdomo wa chuchu. "Ukikandamiza juu ya taa, mpira unafunika, jua halipati pa kuingilia. Jaribu." Tukajaribu juani, kwenye taa ya redio yake. Kimya, kimya, kimya, wii. Palepale tu penye taa. Halafu akaniambia jambo alilolijua yeye kama fundi: kwenye mitambo ile taa ya simu inayoingia humetameta, ya watu wanaoongea huwaka moja kwa moja. Kwangu ikawa wii-wii-wii kwa anayegonga, na wiiii ndefu kwa waliokwisha kuingia. Mtambo wenyewe ulikuwa na mlio wa kuita, kwa hiyo kujua kwamba simu imeingia haikuwa taabu. Taabu ilikuwa kujua laini ipi, na sasa nilijua.

Safari hii sikumwita mtu. Nilikuwa naikandamiza kalamu kwenye taa wakati Neema anakunywa chai, najifunza. Juu kushoto, uhasibu. Safu ya pili, maghala. Nikaweka tone la nta ya mshumaa kwenye kila kitufe cha tano ili mkono usipotee. Neema aliniona, akaendelea na chai yake.

Kisha ikaja mvua. Ninyi mnaijua mvua yetu ya mwezi wa pili. Barabara ya kwenda Tunduma ilikuwa udongo mtupu wakati ule, na asubuhi hiyo malori ya shirika yalinasa njiani na mahindi yakiwa yanaloa. Simu zikafumuka. Maghala wanauliza, madereva wanapiga kutoka vituoni, Dar wanafoka, uhasibu wanataka meneja, meneja anataka Laela, Mpui na Mbeya kwa wakati mmoja. Nilimsikia Neema akikata watu kwa bahati mbaya, akiunganisha dereva kwa dereva. Kuna mzee wa Mpui aliunganishwa mara tatu na mwenyewe. Vidole vya Neema vikaacha kugonga meza. Akavua kisikilizio, akasimama.

"Dada, kaa," akasema. "Kaa hapa. Mimi sijui hata nani ni nani."

Nikakaa. Kalamu mkono wa kushoto, vitufe mkono wa kulia. Wii-wii-wii, huyu ni Laela, nilimjua kwa pumzi, ana shida, mpeleke maghala. Wii-wii, Dar, asubiri, hana shida, ana hasira tu. Dereva wa lori la tatu, mpe meneja. Nilisahau njaa na chai, nikasahau na kwamba nilikuwa nafanya jambo lililokatazwa. Kwa saa nzima chumba kile kilikuwa na sauti yangu na ile wii ya sikioni peke yake.

Kisigino kikalia mlangoni.

"Nani amekuruhusu kukaa hapo?"

"Subiri kidogo, bwana meneja," nikasema, "nina Mbeya kwenye laini. Haloo Mbeya? Trekta la kuvuta lipo? Nakuunganisha na mkubwa wa usafirishaji, usikate." Nikaunganisha. Wii-wii. "Haloo, Mpui, shikamoo mzee. Ndiyo, leo utampata." Nikaunganisha. Bwana Kisanga alikuwa bado amesimama. Nilimsubirisha kwa simu tano, na sikuharakisha hata moja.

Mwishowe nikageuza kiti. Akasema, taratibu, kwamba ameona, lakini lazima kwanza nifanyiwe majaribio rasmi, kamati ikae, daktari aandike barua.

"Neema alifanyiwa majaribio?" nikamwuliza.

Kisigino kikalia.

"Aliandikiwa barua na daktari kwamba masikio yake yanafaa kupokea simu?"

"Bi Skola, wewe hali yako..."

"Hali yangu ni hii: umesimama hapo na simu zako zote zimefika zilikotakiwa. Kama una kosa la kazi, lisome. Kama huna, nimepata simu nyingine." Na kweli ilikuwa inaita. Nikamgeuzia mgongo, nikapokea. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka nikahisi unasikika Mbeya.

Akaondoka. Kamati haikukaa. Baada ya wiki mbili ikaja barua kwamba ninaendelea na kazi ya opereta, na Neema anahamishiwa masjala.

Najua mnataka niseme kwamba Neema alinikumbatia. Hakufanya hivyo. Masjala wakati ule ilikuwa mlango wa kutokea, watu walipunguzwa kuanzia huko, na yeye ndiye aliyeinuka akanipa kiti. Alilia chooni, nikamsikia. Mwezi mzima alinisalimia kwa neno moja. Nilimwendea, nikamwambia, "Siwezi kukuomba radhi kwa kukaa kwenye kiti changu. Lakini ulichofanya siku ya mvua, hakuna mwenye macho aliyewahi kunifanyia." Kisha akauliza kama nimekula. Tukaenda kula maharage na ugali wa ulezi, na urafiki wetu ukaanzia hapo, umefika leo.

Nilikalia kiti kile miaka mingine kadhaa. Halafu shirika likafungwa kabisa, likauzwa vipandevipande, maghala kwa huyu, malori kwa yule. Tulikusanywa uani, kila mtu akapewa barua yake. Neema akanisomea yangu, kisha yake. Zilifanana neno kwa neno. Nikacheka kwa sauti, watu wakadhani nimechanganyikiwa. Ilikuwa mara ya kwanza pale kutendewa sawasawa na wenye macho.

Mtambo ule ulikwenda na mnunuzi, lakini tochi ilikuwa yangu. Niliitia kwenye mkoba, nikashika fimbo nyeupe, nikaanza kugonga ofisi moja baada ya nyingine. Wengi waliniambia nirudi wiki ijayo kwa sauti ya watu wanaoomba usirudi. Nilirudi. Wiki ijayo ni siku, inafika.

Mwisho nikasikia hospitali moja ya misheni imepata mtambo wa simu na haina opereta. Neema akanisindikiza mpaka mlangoni, nikamwambia anisubiri nje. Ndani alikuwepo katibu wa hospitali, mzee wa Kifipa mwenye kikohozi. Alisoma vyeti vyangu, akaniuliza mambo ya kazi, nikajibu. Kisha akatoa lile swali lao.

"Sasa, binti, tukikuajiri, tutakuwekea nani wa kukusaidia?"

"Wewe, mzee, wanakusaidia wangapi?"

"Mimi?"

"Barua zako anachapa nani?"

"Karani."

"Gari anaendesha nani?"

"Dereva."

"Chai hii ninayoisikia harufu amepika nani?"

Akaanza kucheka, kikohozi kikamkatiza. "Basi, basi! Wewe unataka nini?"

"Meza, kiti, na huo mtambo. Mengine nimekuja nayo."

Jumatatu niliyoanza kazi ilikuwa na ule upepo wetu wa mwezi wa saba unaopenya mpaka kwenye mifupa. Nikatoa tochi, nikakandamiza kalamu kwenye taa za mtambo moja baada ya nyingine mpaka nikazijua. Katibu akawaleta madaktari na manesi kunitambulisha, wakajaa mlangoni, viatu vingi, minong'ono mingi. Nikajikaza nikisubiri neno nililozoea kulisikia baada ya jina langu: kipofu.

"Huyu ni Bi Skolastika," akasema mzee. "Opereta wetu."

Akaishia hapo. Nilingoja aongeze, hakuongeza. Wakabaki wamesimama kunitazama, nami nikawageukia.

"Karibuni au mwende," nikawaambia, "lakini mlango ufungwe, baridi inaingia na simu inaita."

Mlango ukafungwa. Nikapokea.